Somo: Unga wa Kopo Uliobaki, Namna ya Kuuhifadhi na Kuuoka Nyumbani

Unga uliokandwa tayari, ule unaouzwa ukiwa baridi ndani ya kopo la karatasi ngumu lenye vifuniko vya bati juu na chini, umetengenezwa ili ufunguliwe na kuokwa wote kwa mara moja. Maelekezo ya kopo husema hivyo, lakini watu wengi hawayafuati, kwa kuwa kopo lina vipande vinane na mezani wako watu watatu. Somo hili linahusu vile vitano vinavyobaki. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiye na muda asihangaike: oka vyote, kisha uhifadhi vilivyookwa. Kuhifadhi unga mbichi kunawezekana, ila ni njia ya pili na ina masharti yake.

Kilichomo ndani ya kopo

Bidhaa hii asili yake ni Marekani. Lively Willoughby, mwokaji wa mji wa Louisville katika jimbo la Kentucky, alipewa hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1931, na kampuni ya kusaga unga ya Ballard & Ballard ya mji huohuo ikaanza kuuza skonzi zilizokandwa tayari. Pillsbury iliinunua kampuni hiyo mwaka 1951, na ndiyo maana jina la Pillsbury limezoeleka sana kwenye makopo ya aina hii.

Kinachoumua unga huu mara nyingi si hamira bali ni magadi ya kuokea pamoja na asidi inayofanya kazi polepole. Unga ukishafungiwa ndani ya kopo, magadi na asidi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, unga unavimba hadi kulijaza kopo, hewa inasukumwa nje na shinikizo linapanda. Baridi ya jokofu huizuia asidi iliyosalia isitumike upesi, ikisubiri joto la oveni. Siku kopo linapofunguliwa, shinikizo huisha papo hapo, gesi iliyomo kwenye unga huanza kutoroka kidogokidogo, na magadi yaliyosalia huendelea kutumika taratibu hata ukiurudisha unga kwenye friji. Kwa hiyo kipande kilicholala siku mbili baada ya kopo kufunguliwa hakiwezi kuumuka kama kilichookwa siku ileile, hata ukifunge kwa ustadi gani. Anayelielewa jambo hili hatashangaa na mengi yanayofuata.

Hatua ya kwanza: lifikishe kopo nyumbani likiwa baridi

Hapa Nairobi makopo haya hupatikana kwa nadra, hasa kwenye majokofu ya maduka yanayoleta bidhaa kutoka nje, na bei yake si ya kuchezea. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha lipapase kopo: lisiwe linavuja kwenye mshono, wala vifuniko vyake visiwe vimetokeza nje. Lichukue mwisho kabisa, ukiwa unaelekea kulipa, na ulitie kwenye mfuko unaotunza baridi. Foleni ya Barabara ya Thika jioni inaweza kukuweka ndani ya matatu zaidi ya saa nzima, na unga uliopata joto njiani huanza kuumuka kabla ya wakati wake.

Nyumbani liweke kwenye rafu ya ndani ya friji, si mlangoni, kwa nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Usiligandishe kopo ambalo halijafunguliwa. Watengenezaji wenyewe wanakataza, kwa kuwa barafu huharibu uwezo wa unga wa kuumuka na kopo lenyewe linaweza kupasuka.

Hatua ya pili: kulifungua

Toa kopo kwenye friji wakati oveni imeshapata moto, si kabla. Chambua karatasi ya nje kwa kuifuata inavyozunguka, na katikati ya kuichambua usishangae kopo likipasuka lenyewe. Lisipopasuka, bonyeza mshono wa mzunguko kwa mgongo wa kijiko. Utasikia mlio wa ghafla, mshono utaachana, na unga utachungulia kwenye ufa huo kama tumbo kwenye shati lililokatika kifungo. Lielekeze mbali na uso wako na wa mtoto anayetazama. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, shinikizo la ndani hulizidi la nje kwa kiasi kikubwa zaidi, na mlio nao huwa mkali zaidi.

Tenganisha vipande kwa mikono mikavu bila kuvikanda. Unga wa skonzi na wa kroisanti (mikate ya matabaka yenye umbo la mwezi mchanga) una matabaka ya mafuta yaliyopangwa kwa makusudi, na ukiufinyanga kuwa donge unayavuruga matabaka hayo kabisa.

Hatua ya tatu: kuoka vyote

Maelekezo ya kopo huandikwa kwa Farenhaiti, ilhali oveni nyingi za hapa zina Selsiasi au namba za gesi tu. Toa 32 kwenye namba ya kopo, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Nyuzi 350 za Farenhaiti ni kama 177 za Selsiasi, na 375 ni kama 190. Namba hizi mbili ndizo utakazokutana nazo mara nyingi.

Tazama pia kama kopo lina maelekezo ya nyanda za juu. Bidhaa nyingi za kuoka za Kimarekani hutaja maeneo yaliyo kati ya futi 3,500 na 6,500, na Nairobi, ikiwa na futi 5,900 hivi, imo ndani ya kipimo hicho. Wengi huruka mstari huo wakidhani ni wa watu wa milimani, kumbe unatuhusu sisi wa Buruburu na Kilimani. Mahali pa juu gesi hutanuka zaidi na maji hukauka upesi, kwa hiyo unga unaweza kuvimba haraka na kubaki mkavu ukichelewa kuutoa. Ikiwa kopo halisemi lolote, fuata joto lililoandikwa lakini anza kuchungulia dakika mbili au tatu kabla ya muda uliotajwa.

Panga vipande kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea. Vya kroisanti na mviringo ya mdalasini (mikate mitamu iliyoviringishwa na mdalasini) viachie nafasi; vya skonzi vikigusana kidogo vitapanda juu zaidi badala ya kutanuka pembeni. Rangi ya juu peke yake isikudanganye, hasa kwa oveni inayochoma juu. Toa kimoja cha katikati ya trei na ukipasue kwa mikono: ndani kiwe kikavu chenye matabaka yanayoachana, na pasiwe na mstari wenye kung'aa, unaonata, karibu na kitako. Ukiuona mstari huo, rudisha trei kwa dakika tatu, ukifunika juu kwa foili ikiwa rangi imeshatosha.

Hatua ya nne: kuhifadhi vilivyookwa

Viache vipoe kabisa kwenye wavu. Ukivifunika vikiwa na mvuke, maji yatakusanyika kwenye mfuniko na kudondoka juu yake, na kesho yake utapata ngozi laini yenye harufu ya uvundo. Vikishapoa, vitie kwenye chombo chenye mfuniko na uviweke kabatini kwa siku moja au mbili.

Visivyo na nyama, yai wala jibini usivitie kwenye friji. Mkate huchakaa upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani, kwa sababu wanga ulioiva hujipanga upya na kuwa mgumu kwa kasi zaidi katika baridi hiyo. Kwenye friza hali ni tofauti, kwa kuwa mgando huzuia jambo hilo lisiendelee. Kwa hiyo vya kesho viache kabatini, na vya wiki ijayo vigandishe. Funga kila kimoja kwa plastiki ya chakula, vitie vyote kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa na uandike tarehe. Vitabaki na ladha nzuri kwa miezi miwili hivi.

Kuvipasha moto ni rahisi: nyuzi 160 kwa dakika 8 hadi 10, vikiwa vimefunikwa foili, na dakika mbili za mwisho bila foili. Asiye na oveni aviweke kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo kabisa, avigeuze mara moja. Vikitoka kwenye maikrowevu hubaki laini kwa dakika tano tu, kisha huwa vigumu kutafuna kama kamba. Mimi siitumii isipokuwa kwa anayekula akiwa amesimama mlangoni.

Hatua ya tano: ukilazimika kuhifadhi unga mbichi

Usiuache ndani ya kopo lililopasuliwa. Hewa huingia kwenye ufa na kukausha upande mmoja, na kipande kilichokauka ukingo hakipandi sawasawa. Weka vipande kwenye sahani bapa vikitenganishwa na karatasi ya kuokea, funika kwa plastiki iliyogusa unga wenyewe, kisha tia sahani nzima kwenye mfuko wa zipu au chombo kisichopitisha hewa. Fanya hivyo mara tu baada ya kuchukua vya kuoka, si baada ya chakula cha jioni. Kwenye rafu ya ndani ya friji utakaa siku mbili. Siku ya tatu ni ya mwisho, na utaumuka kwa shida.

Ukitaka kugandisha unga mbichi, panga vipande kwenye trei bila kugusana, vigande kwanza, ndipo uvitie mfukoni. Vitumie ndani ya mwezi mmoja, na uviyeyushe kwenye friji usiku kucha, si mezani. Sivisifii sana. Huvimba nusu ya vilivyo vipya, na nafasi vinavyochukua kwenye friza ingetosha vilivyookwa tayari.

Hatua ya sita: kuutumia unga uliolala

Hapa ndipo penye uzuri wa jambo, kwa sababu unga usiopanda vizuri si lazima ulazimishwe kupanda. Kipande cha skonzi kilicholala kisukume kiwe chembamba, kipake nyanya iliyokaangwa na kitunguu, nyunyiza jibini, na ukioke kwa nyuzi 190 mpaka kingo ziwe kahawia: una piza ndogo ambayo haikuhitaji kuumuka sana. Pembetatu za kroisanti zifungie nyama ya kusaga iliyoiva na kukauka mchuzi, ubane kingo kwa uma, upake yai na uoke. Vipande vilevile vinaweza pia kufunika juu ya bakuli la mchuzi mzito wa kuku, mradi mchuzi uwe wa moto unapouweka unga, la sivyo upande wa chini utabaki mbichi.

Ila kwangu mimi njia bora ya skonzi zilizolala ni kuzikaanga. Kata kila kipande mara nne, pasha mafuta hadi nyuzi 175 hivi, na ukaange kwa mafungu madogo, ukigeuza, mpaka pande zote zipate rangi ya mandazi. Mafuta ya moto huuivisha unga haraka kabla gesi chache iliyobaki haijatoroka. Vipande vikubwa visivyokatwa huungua nje vikiwa bado vibichi ndani. Zigaragaze kwenye sukari na iliki iliyosagwa zikiwa bado za moto.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Umoja:* Mwalimu, habari za jioni. Nilifungua kopo jana, nikafunga vilivyobaki kama ulivyofundisha, lakini stima ilipotea kuanzia saa tano usiku hadi asubuhi. Nivitumie au nivitupe?

Njema, dada. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi. Tangu saa tano hadi alfajiri ni zaidi ya hapo, na unga mbichi uliokaa zaidi ya saa mbili ukiwa na joto linalozidi nyuzi 4 haufai kurudishwa kwenye baridi kana kwamba halikutokea jambo. Vitupe. Friza ina nafuu zaidi: iliyojaa hukaa saa 48 na iliyo nusu saa 24, usipoifungua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuoka vyote, kwa kuwa mkate ulioiva usingeathirika na usiku bila stima.

*Kutoka Lang'ata:* Shikamoo Mwalimu. Shangazi yangu amekuja kutoka Marekani na ameleta makopo manne ndani ya sanduku. Yalikuwa njiani karibu siku nzima. Mawili yamevimba vifuniko. Ninaona haya kumwambia hayafai.

Marahaba. Kopo lililovimba kwa kukosa baridi litoe nje ya nyumba, na usilifungue kwa udadisi. Hata yale mawili ambayo hayajavimba yamekaa kwenye joto kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, na hakuna alama ya nje itakayokuhakikishia usalama wake. Shangazi mpokee kwa shukrani, mpikie chai, na makopo yaondoke baadaye bila maneno. Akiuliza siku nyingine alete nini, mwombe mdalasini au vipimo vya vikombe vya kuokea, ambavyo havihitaji jokofu.

*Kutoka Kawangware:* Mimi sina oveni, nina jiko la makaa na la gesi. Je, unga huu utaiva kwenye sufuria?

Utaiva, ndugu yangu, tena vizuri. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza chumvi ya mawe au mchanga mkavu uliosafishwa, simamisha kijiwe cha kuinulia juu yake, funika na uipashe moto kwa dakika 15. Ingiza vipande kwenye sahani ya bati, visiguse ukuta wa sufuria. Ukiwa na makaa, punguza ya chini na upalie mengi juu ya mfuniko, kwa sababu kinachokosekana kwenye sufuria ni joto la juu. Kwa gesi huwezi kupalia, hivyo ukiona vimeshaiva lakini juu ni vyeupe, vigeuze kichwachini kwa dakika tatu. Usifunue kila mara. Makaa yatumie nje au penye madirisha wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake usioonekana unaua.

*Kutoka South B:* Vipande vyangu vya kroisanti vimekuwa na rangi ya kijivu, na chini ya sahani kuna majimaji kidogo. Vimeoza?

Rangi ya kijivu juu ya unga mbichi kwa kawaida hutokana na hewa kukutana na unga, kama inavyotokea kwa unga wa chapati uliolala, na peke yake si dalili ya kuoza. Majimaji nayo huweza kutoka kwa sababu vimeng'enya vilivyomo kwenye unga wa ngano huendelea kuachia maji kadiri unga unavyokaa. Hata hivyo angalia mambo yote kwa pamoja. Ikiwa ni siku ya pili, harufu ni ya unga wa kawaida na majimaji ni kiasi cha kulowanisha sahani tu, pangusa na uoke leo. Ikiwa harufu imekuwa chachu, unga unateleza kwa utelezi, au kuna madoa ya kijani au meusi yenye manyoya, usipunguze sehemu mbaya na kubakiza nyingine, tupa vyote.

*Kutoka Parklands:* Watoto wangu hupenda kudokoa unga mbichi wa sukari. Hauna mayai, basi kuna ubaya gani?

Mama, mayai si hatari peke yake. Unga wa ngano wenyewe ni chakula kibichi. Haukupikwa kiwandani, na unaweza kubeba bakteria wa E. coli au Salmonella kutoka shambani. Mwaka 2016 watu wa majimbo mengi ya Marekani waliugua kwa E. coli iliyotokana na unga. Wape watoto kazi ya kupanga vipande kwenye trei, wanawe mikono kwa sabuni, na meza ifutwe baada ya hapo.

*Kutoka Kariobangi:* Makopo hayo mimi siyaoni dukani kwetu. Unga wangu wa mandazi ukibaki, nifuate hatua hizihizi?

Inategemea umeuumua kwa nini, kaka. Wa hamira huendelea kuumuka kwenye friji kwa taratibu, kwa hiyo utie kwenye chombo kilichopakwa mafuta chenye nafasi ya kuvimba, uukandamize mara moja baada ya saa chache, na uutumie ndani ya siku mbili. Ladha yake huenda ikawa nzuri zaidi kuliko ya siku ya kwanza. Wa bekingi poda ni ndugu wa unga wa kopo: nguvu yake inaisha kadiri unavyokaa, nao hauna kopo la kuuzuia. Huo ukaange wote siku hiyohiyo. Mandazi yaliyoiva yagandishe, na asubuhi yapashe moto kwenye kikaango kilichofunikwa wakati chai inachemka.

*Kutoka Donholm:* Kile kikopo kidogo cha sukari laini kinachokuja na mviringo ya mdalasini, nikioka nusu nakifanyaje?

Paka unayohitaji, funika kilichobaki kwa plastiki na ukiweke kwenye friji pamoja na unga uliosalia. Kikiganda kuwa kigumu, kiache mezani kwa dakika kumi na ukikoroge kwa kijiko. Usikitie kwenye maikrowevu bila kuondoa kifuniko cha foili. Sukari hiyo ipakwe vipande vikiwa vya uvuguvugu, kwa sababu vikiwa vya moto sana huyeyuka yote na kuishia kwenye trei.